Vitabu Vilivyonuka Moshi

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mke wangu asinisikie. Ni siku niliyotumwa mabati nikarudi na sanduku la vitabu kichwani.

Kaa vizuri. Mimi si mtu wa kusimulia kwa mstari ulionyooka. Shule niliiacha darasa la pili kwa sababu ya ng'ombe na kwa sababu ya mwalimu, na sitasema ni yupi kati yao aliyenipiga teke zaidi. Lakini nitafika. Mzee huchelewa njiani kwa kuwa anajua nyumba nyingi za kusalimia.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya Uhuru. Wazungu wa mashamba ya upande wa Naro Moru walikuwa wanafunga mizigo mmoja mmoja. Kabla ya kuondoka walitoa vitu nje kwenye nyasi, viti, vitanda, sufuria, majembe ya kukokotwa na maksai, hata beseni ya kuogea yenye miguu kama ya simba, nasi tukaenda kununua. Watu waliokuwa wakifukuzwa na mbwa kwenye lango lile lile, leo walikuwa wanakalia viti kujaribu kama vinalia.

Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi wa viatu mjini Nyeri, na kibanda changu kilikuwa kando ya soko. Baba yangu alisikia kwamba zizi la farasi la shamba moja linabomolewa na mabati yake yanauzwa. Akauza fahali wake, akanipa pesa zimefungwa kwenye kitambaa, akaniambia, "Mwangi, nataka nife chini ya bati." Usicheke. Siku hizo nyumba ya bati ndiyo ilikuwa Uhuru wenyewe. Mvua ikinyesha, mwenye bati alisikika kijiji kizima.

Hapa niweke kando jambo moja. Baba aliniita Mwangi pale tu alipokuwa na neno zito. Siku za kawaida aliniita "baba", maana mimi ni kifungua mimba, na kwetu kifungua mimba wa kiume hubeba jina la babu yake. Kwa hiyo machoni pa baba yangu mimi nilikuwa baba yake aliyerudi. Shika hilo, tutalihitaji.

Nilipofika shambani nilikuta foleni ya watu wa mabati imezunguka zizi. Nikasimama, nikachoka, nikaanza kutembeza macho. Pale karibu na baraza kulikuwa na sanduku wazi. Ndani yake kulikuwa na vitabu kumi na viwili, vimevishwa ngozi. Mwanangu, ngozi naijua. Naweza kufumba macho nikakwambia hii ni ya mbuzi, hii ni ya ndama, hii ni ya ng'ombe mzee aliyekufa kwa njaa na muuzaji anataka kukudanganya. Ile ilikuwa ngozi ya ndama, laini kama sikio la mtoto, na aliyeishona hakuwa na haraka. Mgongoni kulikuwa na maandishi ya dhahabu. Nikakiokota kimoja, nikakinusa. Wahenga walisema chema chajiuza, na siku hiyo nilinunuliwa mimi kabla sijanunua kitu.

Karani wa shamba, kijana wa kwetu aliyenyoa ndevu kama bwana wake, aliniona.

"Wewe, weka hiyo chini. Hizo ni hadithi za Kizungu, za zamani sana."

"Nazitazama tu."

"Uko na macho ya kuzitazama? Unajua kusoma Kizungu?"

"Sijui."

"Basi hiyo si ya watu kama wewe. Enda kwa sufuria kule, kuna moja haina mkono, watakupatia bei ya huruma."

Watu wakacheka. Mama mwenye nyumba, mzungu, alikuwa amekaa kwenye baraza na kikombe chake, akacheka kidogo pia, bila kujua tunacheka nini. Si kwamba alikuwa mbaya. Alicheka kama mtu anavyocheka kuku akipanda kitini.

Nikamuuliza karani bei. Akataja bei ya kunifukuza. Nikafungua kitambaa cha baba nikaweka pesa zote mezani. Hakuna aliyecheka tena. Nikajitwika sanduku, nikaondoka, na mabati nikayaacha nyuma yanang'aa.

Njia nzima nilikuwa mfalme. Nilipoona paa letu la nyasi kwa mbali ndipo miguu ilianza kuuliza maswali.

Baba alikuwa amesimama nje na watu wawili aliowaita wamsaidie kushusha mabati. Alitazama sanduku. Alitazama nyuma yangu, labda kuna mkokoteni unakuja.

"Mwangi. Bati liko wapi?"

"Baba, nimenunua vitabu."

Wale wawili waliaga hapo hapo. Walikuwa watu wenye adabu.

Sasa uelewe baba yangu alikuwa nani. Ujana wake wote alifanya kazi katika mashamba hayo hayo akiwa na kipande, kile cheti cha kazi cha mkoloni, kimening'inia shingoni ndani ya kikopo cha bati, kama kengele ya mbuzi. Wakati wa Hali ya Hatari walimfunga kambini miaka aliyokataa kuihesabu. Basi alitoa kitabu kimoja sandukuni, akakishika kwa vidole viwili kama anayeshika mkia wa panya.

"Kitabu nilichokiona mkononi mwa hawa watu," akasema, "kilikuwa cha kuandika nani amechelewa na nani atachapwa. Jina langu liko humo mara nyingi kuliko la Mungu. Na wewe umechukua pesa ya fahali wangu ukaniletea hivyo nyumbani. Jumapili visinikute hapa. Nikivikuta, nitavitumia kuchemshia maji ya kuoga."

Na mimi, simba wa barazani, mtu aliyemwaga pesa mezani mbele ya mzungu, nilifanya nini? Nilisema, "Sawa, baba." Jumamosi nikamwambia nimevirudisha.

Nilikuwa nimevipeleka jikoni kwa mama.

Wewe umezaliwa na jiko la gesi, kwa hiyo nikueleze. Jikoni kwa mama, juu ya mafiga matatu, kulikuwa na uchanja wa miti tuliouita itara. Huko juu kuni mbichi zilikauka, mahindi ya mbegu yalining'inia, vibuyu vilikaa. Kitu kilichokaa itara hakiliwi na dudu wala panya, kwa sababu ya moshi. Mama aliniangalia, akaangalia sanduku. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno mengi, maneno aliyatumia kama chumvi. Akasema, "Panda uviweke juu. Mbegu hukaa miaka." Kisha akavifunika kwa kuni.

Nakuambia ukweli ambao sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Mimi fundi wa viatu nilijua kwamba ngozi haikaushwi motoni. Wangapi walikuja kibandani kwangu na buti zimekunjamana kwa kuwekwa karibu na jiko, nami nikawatukana? Nilijua. Lakini aibu ni kitu kinachomfumba mtu macho akiwa na taa mkononi. Nilitaka vitabu viwe mahali ambapo hakuna atakayeniuliza. Vikakaa pale msimu wa mvua ndefu na msimu wa mvua fupi.

Siku niliyovishusha, nilikaa chini kwenye majivu. Majalada yalikuwa yamejikunja kama masikio ya mbwa. Dhahabu ilikuwa imezama kwenye masizi. Kimoja mgongo wake ulipasuka mkononi mwangu kwa sauti ndogo, kama ukuni. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nyeri mjini, mtaa wa Majengo, kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu akiitwa Mzee Shabani. Baba yake alikuja kutoka mbali akifuata misafara ya askari, mama yake alikuwa wa kwetu, na yeye mwenyewe alisema kabila lake ni gundi. Kazi yake ilikuwa kushona na kujalidi vitabu, misahafu ya msikiti, madaftari makubwa ya ofisi, na Biblia za mapadri pia, maana uzi hauulizi dini. Nilimwekea vitabu vyangu mezani. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi wa kazi. Akanusa.

"Nani alikufundisha kukausha vitabu pamoja na kuni?"

"Nilivificha, mzee."

"Polisi wanavitafuta?"

"La."

"Mwizi?"

"La, mzee. Baba yangu hapendi."

Akavua miwani. "Una miaka mingapi, kijana?"

Nikamwambia.

"Na una ndevu. Sikiliza. Hivi vitabu havikufichwa. Vilikuwa vinachomwa polepole. Baba yako angevichoma kwa dakika kumi, na angalau angeoga maji moto. Wewe umevichoma mwaka mzima na hakuna aliyeoga. Uliyemficha huko juu ni wewe mwenyewe."

Nikataka kuondoka. Akanishika mkono wa shati. "Kaa. Sijamaliza kukutukana, na bado sijaanza kazi."

Alifungua kurasa za mbele, akafuata maandishi kwa ukucha, maana Kizungu alikijua cha kutosha kazi yake. Akaniambia kwamba vitabu vile vilikuwa vya chapa ya kwanza. Sikuelewa. "Mtu akiandika hadithi," akasema, "kuna siku moja inatoka mashineni kwa mara ya kwanza kabisa. Baadaye watachapa tena na tena, na nyingine zitakuwa safi kuliko hii. Lakini hizo zote ni wadogo zake. Hiki ndicho kifungua mimba."

Mwanangu, neno hilo lilinipata hapa, kifuani.

Nikamwomba avivue ngozi ile mbovu anivishie mpya, ing'ae. Alikataa. Alisema fundi aliyeshona ngozi ile alishafariki na hataki kukutana naye kwa Mungu akiwa na kesi. Tukavilainisha kidogo kidogo kwa mafuta na kitambaa, tukavibana kati ya mbao na mawe ya kusagia, migongo tukaigandisha kwa gundi ya unga wa ngano. Kila Jumamosi nilikwenda. Vikanyooka, ila havikurudi vilivyokuwa, na ile harufu ya moshi haikutoka. Mzee Shabani alijaribu hata karafuu. Tukapata vitabu vinavyonuka pilau na moshi.

Siku vilipokuwa tayari nilijitwika sanduku mchana kweupe. Nilipita sokoni, nikapita mbele ya kanisa wakati watu wanatoka, nikaingia nyumbani na kuliweka miguuni pa baba.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Kwa uongo huo nipige, nitainama. Bati nitakununulia kwa jasho langu. Lakini kwa vitabu sitaomba msamaha. Kile kipande ulikibeba shingoni kwa amri yao. Hivi vitabu nimevibeba kichwani kwa kupenda kwangu. Waliniambia si vya watu kama mimi. Usiniambie na wewe, baba. Ukiniambia na wewe, wamekuweka wewe uwe karani wao."

Neno hilo la mwisho lilikuwa kali mno, na hadi leo likinijia nikiwa peke yangu nageuza uso. Baba aliinua fimbo. Akaitumia kufungua kifuniko cha sanduku.

"Vinasema nini?"

"Sijui."

Akacheka. Cheko la kwanza tangu siku ya mabati, na halikuwa tamu. "Mwanangu amenunua ng'ombe na hajui kumkamua. Basi nenda ukajifunze kukamua. Mtu akikaa na kitu asichokijua, huyo ni kuku aliyepanda kitini."

Nikaenda darasa la ngumbaru, la watu wazima, jioni jioni, katika ukumbi wa kanisa, mimi na wanawake wa soko na mlinzi mmoja aliyelala kila tulipofika herufi m. Kiswahili kwanza, kisha Kizungu. Watoto walichungulia dirishani wakituimbia a, e, i, o, u. Waache waimbe. Mvua ya kejeli hainyeshi ikafikia mifupa. Kitabu cha kwanza kilinichukua misimu miwili ya mahindi, na nusu yake nilikisia. Nikagundua kumbe hata kwao kuna mashangazi wachoyo na wajomba wanaokufa bila kugawa shamba. Watu waliotutawala kama malaika wenye bunduki, kumbe nyumbani kwao waligombania vijiko.

Nikaanza pia kutafuta ndugu wa vitabu vile. Kila shamba lilipouzwa, Mweiga, Naro Moru, hadi Nanyuki, fundi wa viatu alikuwepo, anafungua kurasa za mbele kwanza kama alivyofundishwa, anatafuta kifungua mimba. Kanisani walisema nina pepo la Kizungu. Rafiki zangu walinunua pikipiki. Baba nilimwezekea bati jipya, alilisikiliza kwenye mvua ya kwanza akasema lina kelele.

Macho yake yalipoanza kufifia, akawa anakuja chumbani kwangu alasiri, anakaa kwenye kigoda chini ya rafu. "Soma," anasema, kama hakimu. Nasoma, nageuza kwa Kikuyu, na yeye anagombana nao. "Huyo binti anaolewa kabla mbuzi wa mahari hawajatajwa? Mwambie baba yake ni mjinga." Mama akileta chai anasimama mlangoni kidogo, haulizi kitu, anaenda. Kisha mwaka mmoja wa baridi kali mama alitutoka. Sitasema mengi hapo. Jiko lake lilianguka baada ya mvua mbili, kwa kuwa nyumba isiyowashwa moto hujua kwamba mwenyewe hayupo.

Ndipo akaja yule mgeni. Mzungu mpole, mwenye kofia, mnunuzi wa vitabu vya kale, pamoja na kijana wa kwetu kutoka Nairobi mwenye tai. Walikuwa wamesikia habari za fundi wa viatu wa Nyeri. Mzungu alitoa kitabu rafuni kwa mikono miwili, akafungua mbele, na nikaona uso wake umebadilika. Kisha akanusa. Uso ukabadilika tena.

"Anasema hii ni chapa ya kwanza kabisa, na ngozi yake ni ya asili," kijana wa tai akaniambia. "Anasema ingekuwa hazina. Lakini moshi imeharibu. Ati ni huruma kubwa. Hata hivyo atachukua yote, akupatie pesa ya kujenga nyumba ya mawe."

Nyumba ya mawe, mwanangu, si neno dogo. Goti langu hili lilikuwa tayari limeanza kujua baridi, na ndugu zako wakubwa walikuwa wanalala watatu kitanda kimoja.

"Mzee, unafikiria nini?" kijana akaendelea. "Na niambie ukweli, hizi unasoma, ama ni za kuonyesha watu?"

Nikafungua nikamsomea mistari mitatu. Kizungu changu kina r pale l ilipokaa, najua. Kijana akauma mdomo asicheke. Mzungu hakucheka, hilo nimpe.

Kutoka kwenye kigoda baba akauliza, "Anasema vinanuka nini?"

"Moshi, baba."

"Moshi wa wapi?"

"Wa jikoni kwa mama. Niliviweka itara wakati ule. Sikuvirudisha."

"Unadhani sikujua?" akasema. "Mwaka mzima nimekunywa uji chini ya hivyo vitabu. Siku moja niliinua macho, mama yako akaniambia, kunywa uji, huko juu ni mbegu. Nikanywa uji."

Akasimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akapapasa rafu mpaka akakipata kitabu kimoja, akakileta puani, akakaa nacho hapo. Kisha akamgeukia kijana wa tai mahali alipodhani yupo, akakosea kidogo, akasema na ukuta.

"Mwambie mgeni wako hivi. Shamba walichukua. Miaka yangu walichukua. Hadithi ni zao, sikatai, na ngozi ni ya ndama wao. Lakini moshi huu ni wa mke wangu, na hakuna mahali pengine umebaki duniani. Hauuzwi. Mpe chai aende."

Kisha akaninyooshea kitabu kile. "Shika, baba," akaniambia. "Kirudishe mahali pake."

Mgeni alikunywa chai. Alikuwa mtu mzuri, alisema chai ina ladha ya moshi.

Basi mwanangu, nimezunguka sana lakini nimefika. Nasikia wanakucheka kwa hicho unachokipenda, sijali ni kitu gani. Ukiambiwa hiki si cha watu kama wewe, mtazame anayesema, na uulize ni nani aliyempa kamba ya kupimia watu. Ukikosea, kama nilivyomkosea baba kwa uongo, inama uombe msamaha wa kosa lako, wala usiinamie zaidi ya hapo. Usikipandishe itara kitu unachokipenda ili watu wasikuulize, kwa maana kitaungua polepole na wewe ndani yake. Kiweke mchana, na ukijue, ukikamue, usiwe kuku kitini. Na kikipata doa kutoka kwa watu wako, usikimbilie kulifuta. Siku moja doa hilo ndilo litakalokataa kuuzwa.

Vitabu viko pale. Siku za ukungu mlima ukijifunika, fungua dirisha kidogo uvisikie vinavyonuka.

Sasa sogea. Baba yangu alinitemea mate kifuani kunibariki asubuhi aliyoniaga, nami nakutemea hivyo hivyo, usijipanguse. Mungu wetu, mwenye mlima wa Kirinyaga, akuwekee mgongo usiokunjika kwa moto. Cheko la watu likupite kama mvua juu ya bati, lenye kelele, lisilolowesha. Uzae, na kifungua mimba wako akuite mtu aliyesimama. Amani iwe nawe, nenda.